Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: mtoto anayetoka wodini akiwa kimya

Mheshimiwa Waziri wa Afya, na Ndugu Mkurugenzi Mkuu wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR),

Nawaandikia nikiwa Tanga. Mimi ni mwalimu wa baiolojia, nafundisha sekondari, na ni mama wa binti mwenye usonji, hali ya ukuaji wa ubongo inayobadilisha namna mtu anavyowasiliana na kuhusiana na wenzake. Binti yangu alizaliwa Julai 2006. Mpaka Mei 2009 alikuwa anaongea. Alikuwa akisema "mama, uji wa moto". Alimwita bibi yake mzaa baba "bibi wa juu" kwa sababu nyumba yake iko mlimani. Alihesabu mpaka saba, kisha akarudi tatu, akacheka. Masika ya mwaka ule akashikwa na homa. Usiku wa pili akapata degedege. Ya kwanza ilikuwa ya dakika chache. Ya pili hakuzinduka mpaka tukafika hospitali. Malaria ilikuwa imepanda kichwani. Akatundikiwa dripu ya kwinini, akaongezewa damu, akalala siku mbili hana fahamu. Siku ya tisa tukaruhusiwa. Kwenye fomu ya ruhusa daktari aliandika neno moja: amepona.

Hakuongea tena. Niliporudi hospitali baada ya mwezi niliambiwa nimshukuru Mungu mtoto ni mzima, maneno yatarudi. Mwezi wa nne wakampima masikio, yakawa hayana tatizo. Ukimwita jina hageuki, lakini mfuniko wa sufuria ukigongwa jikoni anakuja mbio. Alianza kupanga vifuniko vya soda kwenye mstari ukutani, na mtu akisogeza kimoja analia mpaka jua linazama. Neno usonji nililisikia kwa mara ya kwanza mwaka 2013, Dar es Salaam, mtoto ana miaka saba. Wenzetu wa Kenya wanaita tawahudi, na wengine otizimu. Kwa miaka minne nilikuwa naishi na kitu ambacho sina hata jina lake.

Siandiki kuilalamikia hospitali ile. Manesi wale walimrudisha mwanangu kutoka mauti, na daktari yule alikuwa na watoto wawili wawili kwenye kila kitanda. Naandika kuhusu swali nililolibeba kutoka wodini: ni nini kilichosababisha? Na naandika kwenu kwa sababu swali hili lisipojibiwa na wenye maabara, halikai wazi. Linajibiwa na wengine.

Kwangu mimi lilijibiwa na wengi. Pwani yetu, Mheshimiwa, degedege ni ndege kabla ya kuwa ugonjwa. Wazee wanasema kuna dege linapita usiku, kivuli chake kikimwangukia mtoto anakakamaa. Wapo walionikataza kumpeleka hospitali usiku ule kwa kuwa sindano humuua mtoto mwenye degedege. Alipobaki kimya, wakasema dege limeondoka na ulimi wake. Wifi yangu akasema nilipita chini ya mbuyu saa ya magharibi nikiwa na mimba. Mchungaji mmoja akaniambia nitubu, bila kuniambia nitubu nini. Jirani akasema ni sindano za kliniki. Majibu yalikuwa mengi, lakini yote yaliishia mlango mmoja: mama. Alikula nini, alipita wapi, alimkosea nani. Baba wa mtoto aliyasikia kwa miaka miwili, akaondoka wa tatu.

Nilipoanza kusoma kuhusu usonji niligundua kwamba hili halikuanzia Tanga. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, alieleza habari za watoto 11 waliokuwa na hali hii. Aliona kwamba wamezaliwa nayo, lakini aliandika pia kwamba wazazi wao wengi hawakuwa wachangamfu. Maneno hayo ya pili ndiyo yaliyoshika. Kwa zaidi ya miaka 20 madaktari wa kule walifundishwa kwamba usonji unaletwa na mama asiyempenda mwanawe, mama baridi kama friji. Mwanasaikolojia Bruno Bettelheim wa Chicago aliieneza imani hiyo kwa vitabu na kwenye runinga, na zilikuwepo familia zilizotenganishwa na watoto wao kwa jina la tiba. Walikuwa na vyuo vikuu, walikuwa na hospitali kubwa, na bado jibu lao lilikuwa lilelile la wifi yangu.

Kilichowavua akina mama wale lawama ni hesabu ya pacha. Mwaka 1977, London, watafiti Susan Folstein na Michael Rutter waliwakusanya pacha jozi 21 ambao angalau mmoja wao alikuwa na usonji. Jozi 11 walikuwa pacha wa kufanana, waliotokana na yai moja. Jozi 10 hawakuwa wa kufanana. Katika wale 11 wa kufanana, jozi nne wote wawili walikuwa na usonji. Katika wale 10 wengine hapakuwa na jozi hata moja. Wote walilelewa na mama zao, nyumba moja, chakula kimoja, mapenzi yaleyale. Tofauti ilikuwa kwenye urithi. Ni utafiti mdogo, mtu anaweza kuuandika kwenye karatasi moja, lakini mama wa Uingereza aliyeusoma alipata kitu cha kumjibu jirani yake.

Sasa niwaombe mtulie na mimi hapa, maana hapa ndipo penye shabaha ya barua yangu. Miaka 29 baadaye, mwaka 2006, jina la Susan Folstein linaonekana tena kwenye utafiti mwingine, na safari hii watoto ni wa Tanzania. Yuko pamoja na Raymond Mankoski, na Watanzania, mmoja wao Dk. Noah Ndosi, daktari wa magonjwa ya akili aliyefanya kazi Muhimbili. Waliwachunguza watoto 20. Kati yao 14 walitimiza vigezo vya usonji vinavyotumika kwenye utafiti. Na kati ya hao 14, watatu walikuwa wamekua vizuri kabisa, wanaongea, wanacheza, mpaka walipougua malaria kali yenye homa ndefu na degedege. Walipopona malaria, usonji ukaanza. Mmoja alikuwa na miezi 22, mwingine 35, mwingine 42. Wengine wanne usonji wao ulianza karibu na wakati wa maambukizi makali, ila watafiti wenyewe wakasema inawezekana ni sadfa. Saba waliobaki, malaria haikuhusika.

Binti yangu alikuwa na miezi 34.

Niliposoma namba zile nililia darasani, wanafunzi wakiwa kwenye mapumziko. Na kuna jambo jingine. Duniani kote wavulana wanaogundulika kuwa na usonji ni wengi kuliko wasichana, takriban watatu au wanne kwa mmoja. Niliwahi kuambiwa na mtaalamu kwamba kwa kuwa wangu ni msichana, huenda si usonji. Katika wale watatu wa malaria, wawili walikuwa wasichana. Watafiti waliliona hilo, wakaandika kwamba linastahili kuchunguzwa kwa utafiti mkubwa wa jamii.

Sisemi kwamba malaria ndiyo iliyomletea mwanangu usonji. Mimi ni mwalimu wa sayansi na siwezi kusema hivyo kwa ushahidi wa watoto watatu. Huenda dalili zilikuwepo nami sikuziona. Alikuwa akitembea kwa ncha za vidole tangu alipoanza kusimama. Amu yake mmoja hakuongea mpaka alipofika miaka mitano, na hadi leo ni mtu wa kukaa peke yake. Inawezekana mbegu ilikuwemo, homa ikaimwagilia. Inawezekana homa haikuhusika kabisa. Inawezekana malaria iliujeruhi ubongo, na jeraha hilo likafanana na usonji bila kuwa kitu kimoja nao. Haya ni maswali matatu tofauti na kila moja lina namna yake ya kuchunguzwa. Watoto 14 hawatoshi kulijibu hata moja.

Mtaniambia jibu limekwisha kupatikana nje, ni vinasaba. Ni kweli kwa sehemu kubwa. Mwaka 2019 ulichapishwa utafiti wa watu zaidi ya milioni 2 waliozaliwa Denmaki, Ufini, Uswidi, Israeli na Australia Magharibi, ukakadiria kwamba asilimia 80 hivi ya tofauti kati ya wenye usonji na wasio nao inatokana na urithi. Mwaka 2020 utafiti mwingine, wa watu zaidi ya 35,000, ulitaja jeni 102, yaani vipande vya vinasaba, zinazohusika. Naheshimu kazi hizo. Lakini angalieni orodha ile ya nchi, kisha niruhusuni niwaeleze kama ninavyowaeleza kidato cha nne.

Chukua shamba lenye udongo sawa na maji sawa, panda mbegu za mahindi za aina nyingi. Yakitofautiana urefu, tofauti imetoka kwenye mbegu. Sasa panda mbegu zilezile kwenye shamba ambalo upande mmoja umepata mvua na upande mwingine umekauka. Tofauti utakayoiona sasa, sehemu yake kubwa imetoka kwenye udongo. Mbegu ni zilezile, kilichobadilika ni shamba. Asilimia 80 ni hesabu ya shamba la Uswidi, ambako mtoto hapati malaria ya kichwani, ambako mtoto aliyezaliwa akachelewa kulia anahudumiwa papo hapo, ambako mtoto mwenye umanjano anawekwa chini ya taa siku hiyohiyo. Hapa kwetu mambo hayo matatu yanawapata watoto kila wiki. Kuchukua namba ya shamba lile na kuibandika kwenye shamba letu si sayansi. Namwekea mwanafunzi wangu kosa akifanya hivyo.

Ng'ambo ya mpaka, kwenye pwani hiihii, wenzetu wa Kilifi walikwishalifikia jambo hili kutoka upande mwingine. Watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na Wellcome Trust, mfuko wa hisani wa Uingereza, waliwafuata watoto waliopona malaria kali miaka kadhaa baada ya kutoka wodini, na kazi waliyoichapisha mwaka 2005 ilionyesha kwamba karibu robo ya waliougua malaria ya kichwani walibaki na upungufu wa akili au wa lugha. Wapo waliotoka hospitali wanaonekana wazima. Nadhani nao waliandikiwa "amepona".

Mkoa wangu haukosi rekodi ya utafiti. Watoto wa Muheza na Korogwe walishiriki katika jaribio lililolinganisha kwinini na atesuneti kwa watoto 5,425 wa nchi tisa za Afrika. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010: vifo vilipungua kutoka asilimia 10.9 hadi 8.5, na leo atesuneti ndiyo inayotumika dunia nzima kwa malaria kali. Watoto wa Tanga wamechangia kuokoa watoto ambao hawatawajua kamwe. Najivunia hilo kila ninapofundisha mada ya malaria. Lakini athari za ubongo zilifuatiliwa mpaka siku ya 28. Kwa jaribio la dawa siku 28 zinatosha. Kwa swali langu hazitoshi. Siku ya 28 mimi nilikuwa bado nasubiri maneno yarudi.

Hilo ndilo ninaloliomba, na naliomba kwa jina lake: wafuateni watoto baada ya kuruhusiwa. Mtoto aliyelazwa kwa malaria ya kichwani, kwa homa ya uti wa mgongo, mtoto mchanga aliyechelewa kulia, mtoto aliyepata umanjano mkali. Kabla hajatoka, mama aulizwe: alikuwa anaongea? Alikuwa anageuka akiitwa? Alikuwa ananyoosha kidole akitaka kitu? Yaandikwe. Maana tatizo letu kubwa si kutojua mtoto yukoje baada ya ugonjwa, ni kutokuwa na maandishi ya alivyokuwa kabla. Mimi ninayo kumbukumbu yangu tu, na kumbukumbu ya mama aliyefiwa na sauti ya mwanawe si ushahidi wa kupeleka maabara. Kisha aulizwe tena baada ya miezi sita, baada ya mwaka, baada ya miaka mitatu. Na ili tupate cha kulinganisha, waulizwe pia mama wa watoto wa mtaa uleule ambao hawakuugua.

Hakuna mashine mpya inayohitajika. Mama wa Tanzania anampeleka mtoto kliniki kila mwezi, anapimwa uzito, kadi inajazwa. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanapita majumbani. Chombo kipo. Kinachohitajika ni maswali machache, mafunzo ya siku chache, mtu wa kukusanya majibu wilayani, na fungu la fedha litakalodumu zaidi ya bajeti moja. Tanga, Mwanza, Kigoma, na mahali pasipo na malaria nyingi, labda Njombe, ili tuone kama kuna tofauti. Katika miaka mitano nchi hii inaweza kujua jambo ambalo Uswidi, kwa utajiri wake wote, haina namna ya kulijua.

Naomba msiogope kwamba utafiti wa vyanzo ni anasa. Kila chanzo kilichothibitishwa kimeokoa watu. Mwaka 1964 Marekani ilipigwa na mlipuko wa rubela, ugonjwa wa virusi wenye homa na vipele, na Dk. Stella Chess wa New York akawafuatilia watoto 243 ambao mama zao waliambukizwa wakiwa wajawazito. Alikuta usonji miongoni mwao kwa kiwango kikubwa kuliko watoto wa kawaida, akachapisha mwaka 1971. Tanzania ilianza kutoa chanjo ya surua na rubela mwaka 2014, Kenya ikafuata 2016. Jirani yangu aliyesema sindano za kliniki ndizo zilizomharibu mwanangu hakujua kwamba sindano ya rubela, inayotolewa leo kwenye kliniki hizohizo, inazuia chanzo kimoja cha usonji kinachojulikana. Na ule uvumi wa chanjo aliutoa wapi? Ulitoka London mwaka 1998, kwenye karatasi ya Andrew Wakefield yenye watoto 12, ambayo jarida la The Lancet liliifuta mwaka 2010 na mwandishi wake akafutwa kwenye orodha ya madaktari mwaka huohuo. Denmaki waliwafuatilia watoto 657,461 na hawakuona chanjo ikiongeza usonji. Watoto 12 wa uongo walifika Tanga bila nauli. Watoto 657,461 wa kweli bado hawajafika.

Kuna chanzo kingine ambacho hakijasemwa kwa sauti inayostahili. Dawa ya kifafa iitwayo valproeti, mama akiitumia mjamzito, inaongeza uwezekano wa mtoto kuwa na usonji. Utafiti wa Denmaki wa mwaka 2013 ulikuta asilimia 4.42 ya watoto hao wakiwa na usonji, wakati kwa watoto wote kwa jumla ilikuwa asilimia 1.53. Kifafa ni kingi nchini mwetu. Mwanamke anayeitumia asiiache ghafla, kifafa kikimrudia akiwa na mimba kinaweza kumuua yeye na mtoto. Anachohitaji ni daktari wa kukaa naye kabla hajabeba mimba, aangalie kama ipo dawa nyingine inayomfaa. Hilo linaweza kuanza kwa waraka mmoja kutoka wizarani.

Na mtakumbuka Septemba 22, 2025, Rais wa Marekani aliposimama mbele ya kamera na kuwaambia wajawazito wasimeze parasetamoli kwa sababu ya usonji. Kabla ya siku mbili kuisha, video ilikuwa kwenye kikundi chetu cha wazazi cha WhatsApp. Mama mmoja mwenye mimba ya miezi saba aliniandikia usiku ana homa, anaogopa kumeza Panadol. Nilimwambia aimeze, kisha aende kupima malaria asubuhi. Nilimweleza kwamba Uswidi waliwaangalia watoto karibu milioni 2.5, na walipowalinganisha ndugu wa tumbo moja, mmoja mama alimeza parasetamoli akiwa na mimba yake na mwingine hakumeza, hawakuona tofauti. Akaniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: "Mwalimu, na watoto wa huku je, nani amewaangalia?"

Hapa naomba nimgeukie Mkurugenzi wa NIMR, kwa kuwa kibali cha maadili ya utafiti wa afya kinatoka kwako. Utafiti wa vinasaba unakuja, na ninaukaribisha. Kilifi na Cape Town tayari wanashiriki utafiti wa NeuroDev, unaochunguza vinasaba vya watoto wenye usonji na matatizo mengine ya ukuaji wa ubongo. Afrika ina tofauti nyingi za vinasaba kuliko bara lolote, na karibu kila orodha ya jeni tunayoisoma imetengenezwa kwa damu ya watu wenye asili ya Ulaya. Watoto wetu wakiachwa nje, kipimo kitakachotengenezwa kesho hakitawafaa. Lakini damu isitoke kabla ya maelezo. Fomu ya ridhaa isomwe kwa Kiswahili ambacho mama wa Pangani anakielewa, si Kiswahili kilichotafsiriwa na mtu mwenye haraka. Aambiwe sampuli inakwenda wapi, itakaa miaka mingapi, nani mwingine ataitumia. Na matokeo yarudi. Nimekutana na mama ambaye mtoto wake alitolewa damu mara mbili na watafiti wawili tofauti, na hadi leo hajaletewa hata karatasi ya kumwambia asante.

Vipimo navyo vitazamwe. Kipimo kimoja maarufu duniani kinamtaka mtoto ajifanye anamfanyia mwanasesere sherehe ya siku ya kuzaliwa. Mtoto wa Handeni ambaye hajawahi kuona keki atapimwa nini hapo? Wanasema pia mtoto mwenye usonji hamtazami mtu machoni, na ni kweli kwa wengi. Lakini sisi tunawafundisha watoto wetu wasimkazie mkubwa macho. Mtafiti asiyejua hilo atamwandikia usonji mtoto mwenye adabu, na atamwacha mwenye usonji akidhani ni mpole. Wanasaikolojia wetu, walimu wa vitengo maalumu kama cha shule ya msingi Msimbazi Mseto ya Dar es Salaam, na wazazi wenyewe wakae meza moja watengeneze kipimo cha kwetu.

Kuna watu wazima wenye usonji wanaoogopa maneno "kutafuta chanzo". Wanaogopa kwamba ukipata chanzo utataka watu kama wao wasizaliwe. Nawasikia, na naomba nanyi muwasikie, wawemo kwenye kamati tangu siku ya kwanza. Binti yangu sasa ana miaka 19. Anajua kusuka ukili kwa kasi kuliko shangazi yake. Anajua basi zote zinazopita barabarani kwetu kwa mlio wa injini kabla hazijatokea kwenye kona. Haongei kwa mdomo, lakini anaandika maneno 40 kwenye simu, na la kwanza alilojifunza ni "acha". Sitafuti chanzo ili nimfute. Yeye ndiye aliyenifundisha kusoma karatasi za kisayansi usiku. Nikijua chanzo, nitajua kama ile degedege inaweza kurudi, kama mdogo wake azae bila hofu, kama tiba ya matamshi ya aina fulani ingemfaa alipokuwa na miaka mitatu. Na nitajua cha kumwambia mama mwingine anayetoka wodini leo amembeba mtoto aliyekuwa akihesabu mpaka saba.

Wala fedha za utafiti zisitolewe kwenye mfuko wa walimu. Shule ninayofundisha haina mwalimu hata mmoja aliyesomea usonji, na mwalimu wa shule ya msingi jirani yetu analea watoto sita wenye usonji kwenye chumba kimoja akiwa peke yake. Watoto hao wanahitaji mwalimu wa pili mwaka huu, kabla ya jeni ya 103.

Mwezi uliopita nilifungua sanduku la nguo za zamani nikaikuta kadi ya kliniki ya binti yangu. Uzito umejazwa kila mwezi, Agosti 2006 hadi Aprili 2009, mstari unapanda vizuri ndani ya rangi ya kijani. Ndani yake nimekunja ile fomu ya ruhusa. Hakuna popote panaposema kwamba alikuwa anaongea. Nimezitoa nakala zote mbili. Siku mtakapoanza kuwaandikisha watoto, nitazileta mwenyewe, pamoja na majina ya akina mama 11 wa hapa Tanga walio tayari kuja nami.

Mwalimu, mama wa binti mwenye usonji
Tanga